Atisha, Mtawa wa Bengal Aliyekwenda Tibet

Wengi wetu tukisikia neno nadhiri huwakumbuka mapadre, mabruda na masista wa misheni zetu. Lakini katika nchi za Asia wamekuwako tangu zamani watawa wengine, wafuasi wa Buddha, nao wana nadhiri zao na ngazi zao za mafundisho. Mtu aliyezipanga ngazi hizo vizuri kwa Watibet aliitwa Atisha, na habari zake zafaa kujulikana na kila mwanafunzi.

Alizaliwa mwaka 982 katika nyumba ya mfalme huko Bikrampur, nchi ya Bengal, mahali ambapo sasa ni Bangladesh. Wazazi walimwita Chandragarbha. Angeweza kukaa kitako akala na kutumikiwa mpaka uzee, lakini moyo wake ulipenda elimu. Akazunguka kwa walimu wengi, na alipopata umri wa miaka 29 hivi akaweka nadhiri za utawa na kupewa jina la Dipamkara Shrijnana. Jina la Atisha alipewa baadaye na Watibet.

Elimu ya kwao haikumtosha. Alisikia kwamba kisiwani Sumatra yuko mwalimu ajuaye kuliko wote namna ya kuuzoeza moyo kuwahurumia viumbe wote. Basi akapanda merikebu pamoja na wafanyabiashara. Husimuliwa kwamba safari ile ilichukua miezi 13, tena yenye dhoruba. Akakaa kwa mwalimu huyo miaka 12. Miaka 12 kwa somo moja! Na sisi twaona miaka sita ya sekondari ni mingi mno. Aliporudi Bara Hindi akawa mmoja wa wakuu wa Vikramashila, chuo kikubwa cha watawa katika nchi ya Bihar.

Huko Tibet mambo yalikuwa yameharibika. Ufalme ulivunjika katikati ya karne ya tisa, watawa wakatawanyika, na watu wakabaki na vitabu bila walimu. Wengine walishika nadhiri wakadharau mafundisho ya siri yaitwayo tantra. Wengine walishika hayo ya siri wakasema kwamba nadhiri ni za wajinga, nao wakafanya maovu kwa kisingizio cha dini. Mfalme Yeshe Ö wa Guge, magharibi mwa Tibet, alisikitika. Akawatuma vijana 21 kwenda Kashmir kujifunza. Wengi wao walikufa kwa joto na homa. Husemwa kwamba walirudi wawili tu, mmoja wao ni Rinchen Zangpo, mfasiri mashuhuri.

Ndipo mfalme akakusanya dhahabu ili amwalike Atisha. Watibet husimulia kwamba alitekwa na adui, wakadai dhahabu yenye uzito sawa na mwili wake. Ndugu zake wakaitafuta, ikapungua kiasi cha kichwa tu. Yeye mwenyewe akakataa kukombolewa, akaagiza dhahabu ile itumike kumleta mwalimu, akafia kifungoni. Wanahistoria wa siku hizi wana mashaka na hadithi hiyo, lakini Watibet waliwasimulia watoto wao vizazi na vizazi.

Atisha alikuwa karibu na miaka 60. Inasimuliwa kwamba alionywa kuwa akienda Tibet maisha yake yatapungua miaka mingi, naye akakubali. Wakuu wa chuo walimruhusu kwa miaka mitatu tu. Akapitia Nepal, akafika Guge mwaka 1042. Alikutana na Rinchen Zangpo, aliyekuwa mzee wa zaidi ya miaka 80, akamkuta anajua kila fundisho, lakini hajui namna ya kuyaunganisha yote katika mazoezi ya mtu mmoja. Hapo Atisha akaona wazi kwamba kweli anahitajiwa.

Basi akaandika kitabu kifupi kiitwacho Taa ya Njia ya Nuru. Ndani yake aligawa watu katika daraja tatu. Wa kwanza hutafuta raha yake mwenyewe, katika maisha haya au yajayo. Wa pili huzipa kisogo anasa na kuacha maovu, ili apate amani yake peke yake. Wa tatu, akiisha kuyajua mateso kwa mateso yake mwenyewe, hutaka kuyamaliza mateso ya wote. Nadhiri nazo zinafuatana. Kwanza ni zile za mwenendo mwema, kwa mfano kutoua, kutoiba na kutosema uongo, ambazo hata watu wa kawaida huzishika. Watawa wana nyingi zaidi. Juu yake ni nadhiri ya bodhisattva, yaani ya kutafuta nuru kwa ajili ya kuwaokoa wote. Mafundisho ya siri huja mwisho, na Atisha alikataza baadhi ya ibada zake kwa watawa, kwa sababu zingevunja usafi wao. Mimi napenda hasa jambo hili: anayepanda juu haruhusiwi kuitupa ngazi ya chini.

Naye mwenyewe alizishika. Safarini alichukua mnara mdogo wa ibada, na akikumbuka kosa hata dogo, alisimamisha msafara wote, akatubu palepale mbele ya mnara ule. Nadhani wapagazi walinung'unika!

Miaka mitatu ilipokwisha alitaka kurudi, lakini njia ya Nepal ilizibwa na vita. Wakati huo mtu mmoja asiye mtawa, Dromtön, akamwomba aende Tibet ya kati. Akaenda, akafundisha huko mpaka alipofariki dunia mwaka 1054 huko Nyethang, karibu na Lhasa. Bengal hakuiona tena. Dromtön alijenga monasteri ya Reting, na mwaka 1402 mtawa Tsongkhapa akaandika kitabu kikubwa juu ya ngazi zilezile. Sehemu ya majivu ya Atisha ilichukuliwa mwaka 1978 kwenda Dhaka, si mbali na mahali alipozaliwa.