Robert Bárány, tabibu aliyefuata kizunguzungu hadi kwenye chembe za sikio

Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 1914 ilipotangazwa mwaka uliofuata, mshindi wake, Robert Bárány, alikuwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi, katika mji wa Merv, Asia ya Kati.

Bárány alizaliwa Vienna tarehe 22 Aprili 1876. Kifua kikuu cha mifupa kilimkaza goti tangu utotoni, lakini hakikumzuia kuhitimu udaktari mwaka 1900. Alipokuwa akiwasafisha wagonjwa masikio, aligundua kuwa maji baridi huyafanya macho yachezecheze kuelekea upande mmoja, na maji ya moto kuelekea upande wa pili. Akang'amua kwamba umajimaji wa sikio la ndani hupanda ukipata joto na kushuka ukipoa, kama maji ya chunguni. Kipimo hicho kingali kikitumika hospitalini.

Mwaka 1916 aliachiliwa kwa juhudi za Mwanamfalme Carl wa Uswidi. Aliporejea Vienna, wenzake walimshutumu kwamba hakutambua mchango wa wengine. Akahamia Uppsala, Uswidi, akafundisha huko hadi alipofariki tarehe 8 Aprili 1936.

Huko Uppsala, mwaka 1921, alieleza habari za mwanamke aliyeshikwa na kizunguzungu kila alipolalia upande mmoja. Bárány alishuku viungo vya sikio vinavyobeba vijiwe vidogo mno. Vijiwe hivyo ni fuwele za kalsiamu kaboneti, madini yaleyale ya chokaa. Kwa hadubini, kila moja huonekana kama pipa dogo, ncha zake mbili zimechongoka kwa nyuso tatu bapa, na urefu wake kwa kawaida haufiki milimita 0.03. Zikiwa zimelala juu ya utando laini, uzito wake huujulisha ubongo iwapo kichwa kimesimama au kimeinama.

Miaka mingi baada ya kifo chake, watafiti walibaini kwamba fuwele hizo zikibanduka huangukia katika mifereji ya sikio na kuvuruga umajimaji wake. Leo daktari hukigeuza kichwa cha mgonjwa hatua kwa hatua hadi zitoke humo. Na mtu aliyedhani amepatwa na maradhi ya ubongo mara nyingi huinuka kitandani bila dawa wala kisu. Bárány hakujaliwa kuyashuhudia hayo, ila ndiye aliyeonyesha pa kutafuta.