Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876)

Mchungaji Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, tarehe 16 Januari 1820. Baada ya masomo ya umisionari huko Basel, Uswisi, alifika Mombasa mwaka 1846, akafanya kazi Rabai pamoja na Dkt. Krapf.

Mwaka 1848 alikwenda kwa miguu hadi Uchaga, akiitafutia Injili njia. Tarehe 11 Mei Mungu akamjalia kuiona theluji ya Kilimanjaro, jambo asilolitazamia. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya walimbeza kwa miaka mingi.

Mwaka 1849 alifika tena Machame, akikusudia kuendelea hadi Unyamwezi. Huko Mangi Mamkinga akamwishia mali yake ya safari, naye akarudi mikono mitupu. Hakuacha usharika wowote Machame. Lakini mwaka 1893, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua kituo chao cha kwanza Uchagani papo hapo Machame.

Yeye hakuyaona hayo. Alirejea Ulaya mwaka 1875, macho yake yakiwa yameingia giza, akalala katika Bwana mwaka uliofuata.

Sisi wa bonde la Kilombero, ambao wazee wetu waliipeleka Injili kwa mitumbwi na katika matope ya masika, tusiipime safari kwa kile ambacho msafiri alirudi nacho.