Njal, Mpatanishi Aliyechomewa Nyumbani Mwake

Safari hii tunakwenda mbali: Aislandi, kisiwa cha baridi kaskazini ya Ulaya, miaka elfu moja iliyopita. Hakukuwa na mfalme wala polisi. Kesi zilikatwa katika baraza kuu, Althing, lililoanzishwa mwaka 930, lakini kutimiza hukumu kulikuwa juu ya mdai mwenyewe. Kwa hiyo mjuzi wa sheria aliheshimiwa mno, na Njal wa Bergthorshvoll hakuwa na mfano. Habari zake ziliandikwa mnamo mwaka 1280, hivyo mengine ni masimulizi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Gunnar, shujaa wa vita. Wake zao waligombania kiti karamuni, kisha wakaanza kuwaulia watumwa. Gunnar alimlipa Njal wakia 12 za fedha kwa mtumwa wa kwanza. Njal akauweka mfuko. Alipouawa mtumwa wa Gunnar, akamrudishia mfuko ule ule. Urafiki ukabaki.

Mtihani wenyewe ulitoka kwa wanawe. Walimwua Thrain, na Njal, ili kuuzima uhasama, akamlea Hoskuld, mtoto wa marehemu, akamtafutia hata uchifu. Mfitini mmoja akawajaza wanawe maneno, wakamwua Hoskuld asubuhi akipanda mbegu shambani. Barazani ikachangwa fidia ya watu watatu. Njal akaongeza joho la hariri. Flosi, ami yake mjane, akaliona joho lile kuwa dhihaka. Matusi yakatoka, fedha zikakataliwa. Kwa maoni yetu, hapo mzee alizidisha wema.

Mnamo mwaka 1011 Flosi alikuja na watu kama mia. Njal akawashauri wanawe waingie ndani, nyumba ikatiwa moto. Yeye aliruhusiwa kutoka, akakataa: alikuwa mzee asiyeweza kuwalipia kisasi wanawe, wala hakutaka kuishi na aibu. Mkewe Bergthora akakataa pia. Wakalala kitandani pamoja na mjukuu wao mdogo, wakafunikwa ngozi ya ng'ombe.

Kari, mkwe wao na baba wa mtoto yule, aliponyoka, akawawinda wachomaji kwa miaka. Mwisho merikebu yake ilivunjika karibu na kwa Flosi. Akatembea katika dhoruba ya theluji mpaka mlangoni. Flosi alimtambua, akainuka kumlaki, akamketisha kando yake, na baadaye akamwoza mjane wa Hoskuld.