SAMUEL PLIMSOLL, MTETEZI WA MABAHARIA

Mimi naishi Kawangware, na kila Jumapili humtembelea nyanya yangu Kibera. Matatu tunayopanda imeandikwa mlangoni kuwa ni ya abiria 14, lakini juzi tulishindiliwa hadi tukafika 19. Hapo nikamkumbuka Bwana Samuel Plimsoll.

Plimsoll alizaliwa mwaka 1824 mjini Bristol, Uingereza. Alijaribu biashara ya makaa ya mawe huko London ikaanguka, akaishi kwa dhiki pamoja na maskini. Ndipo alipoyajua maisha ya mnyonge. Baadaye alifanikiwa, na mwaka 1868 akachaguliwa kuwa mbunge wa Derby.

Enzi hizo baadhi ya matajiri walipakia meli kupita kiasi. Ikizama, tajiri alilipwa bima. Baharia alikufa maji. Plimsoll alidai kila meli ichorwe mstari ubavuni: ukifunikwa na maji, mzigo umezidi. Mwaka 1875 serikali ilipouacha mswada wa meli, alipandwa na hasira bungeni, akawakaripia wakubwa. Aliomba radhi, lakini wananchi walikuwa upande wake. Mwaka 1876 mstari ukawa sheria.

Kumbe mstari mmoja hautoshi! Nilijionea kwa nyanya. Nilitia yai katika maji matamu, likazama. Nikaongeza chumvi kijiko baada ya kijiko, nikikoroga, mpaka likaelea. Nyanya aliteta kuhusu chumvi yake, kisha akacheka.

Siri ni hii. Lita 1 ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya maji ya bahari, yenye chumvi gramu 35 hivi, ina kilo 1.025. Meli huelea kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake. Maji yakiwa mepesi, lazima isukume mengi zaidi, basi hudidimia zaidi mtoni kuliko baharini. Ndiyo maana meli kubwa zinazotia nanga Mombasa zina mistari kadhaa. Ule wa maji matamu uko juu ya ule wa bahari.

Plimsoll aliaga dunia mwaka 1898, lakini mstari bado unaitwa kwa jina lake. Wenzangu, ile 14 ya mlangoni ndiyo mstari wetu. Juzi nilinyamaza. Jumapili ijayo nikiambiwa nisogee, nitashuka, hata kama ni kutembea hadi Kibera kwa miguu.