Arthur Wharton: Mkimbiaji na Mlinda Lango

Huko Kanyamwa, katika Homa Bay, mganga Gor Mahia alifariki zamani, lakini jina lake lingali midomoni mwa mashabiki wa kandanda, kwa kuwa klabu iliyoundwa mwaka 1968 ililirithi. Nako Awendo, katika Migori, kiwanda cha sukari kiliipa Kenya bingwa wa ligi wa 2006, Sony Sugar. Katika maeneo hayo ya Nyanza Kusini, mchezo huhifadhi majina. Arthur Wharton, Mwafrika aliyecheza kwa ujira nchini Uingereza katika karne ya 19, hakuipata bahati hiyo.

Alizaliwa Jamestown, Accra, tarehe 28 Oktoba 1865, katika Ghana ya leo. Baba yake, Henry, alikuwa mmisionari wa Kimethodisti kutoka Grenada. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Wafante. Kijana alipelekwa Uingereza ili asomee kazi ya dini, akaingia Chuo cha Cleveland mjini Darlington. Viwanja vilimteka kabla ya mimbari.

Julai 1886, katika uwanja wa Stamford Bridge, London, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili na kutawazwa bingwa wa Uingereza. Mwaka uliofuata akalitetea taji. Wakati huohuo alikuwa mlinda lango, kwanza wa Darlington, kisha wa Preston North End, ambao alifika nao nusu fainali ya Kombe la FA mwaka 1887. Kriketi na baiskeli nazo hazikumshinda. Husimuliwa kwamba aliweza kuning'inia kwenye mwamba wa goli na kuudaka mpira kwa miguu. Labda wasimulizi wametia chumvi, lakini chumvi haitiwi mahali pasipo na mchuzi.

Mwaka 1888 akayafuata mashindano ya mbio za fedha mjini Sheffield. Uamuzi huo haukuwa mwepesi: wakati ule mkimbiaji akishapokea ujira, mataji ya ridhaa alifungiwa. Aidha, aliiacha Preston. Msimu wa 1888/89 klabu hiyo ilitwaa ligi ya kwanza ya Uingereza bila kushindwa hata mechi moja, ikaongeza na Kombe la FA. Vipawa viwili, ambavyo vingekuwa neema maradufu, vikawa vinanyang'anyana mtu mmoja.

Mwaka 1889 alirejea langoni, akilipwa na Rotherham Town. Ndiyo maana huhesabiwa kuwa mwanasoka Mweusi wa kwanza wa kulipwa. Sheffield United ilimsajili 1894, ila mle alimkuta William Foulke, kipa kijana mwenye umbo kubwa, aliyemweka benchi. Hata hivyo, mwaka 1895 alicheza dhidi ya Sunderland katika daraja la kwanza, jambo ambalo hakuna Mweusi aliyewahi kulifanya kabla yake. Baada ya klabu nyingine kadhaa, alistaafu Stockport County mwaka 1902.

Miaka ya mwisho aliimaliza katika mgodi wa makaa ya mawe, Edlington. Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, akazikwa kimaskini, pasipo hata jiwe la kumtambulisha. Kwa Mjaluo wa Homa Bay, anayetarajia kuzikwa katika boma lake mwenyewe, hilo ni zito kuliko umaskini wenyewe. Jiwe liliwekwa mwaka 1997, baada ya wapinga ubaguzi wa Sheffield kuchangisha fedha. Mwaka 2014 sanamu yake ilizinduliwa St George's Park, kituo cha timu ya taifa ya Uingereza, akiwa mlinda lango.