Helmholtz: Daktari wa jeshi aliyelichungulia jicho kwa kipande cha kioo

MTU yeyote aliyesafiri usiku kwa lori la mizigo kuelekea mpakani anaijua picha hii. Taa zinamulika kando ya barabara na ghafla macho mawili ya paka yanang'aa kama makaa. Lakini utingo akishuka na kusimama mbele ya taa zile zile, mboni za macho yake hubaki nyeusi tii. Kwa nini?

Swali hilo linaweza kuonekana la kitoto. Hata hivyo, mtu mmoja wa Ujerumani alilichukua kwa uzito, na jibu lake likawawezesha madaktari kuona mishipa ya damu ikiwa kazini ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mtu huyo ni Hermann von Helmholtz.

Alizaliwa Agosti 31, 1821 katika mji wa Potsdam, karibu na Berlin, akiwa mtoto wa kwanza wa mwalimu wa sekondari. Sisi walimu tunajua maana yake: vitabu vilikuwapo nyumbani, fedha hazikuwapo. Kijana alipenda fizikia, lakini baba hakuwa na uwezo wa kumlipia chuo. Njia iliyobaki ilikuwa kusomea udaktari kwa gharama za serikali, kwa sharti la kulitumikia jeshi kwa miaka minane. Mwaka 1838 akaingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin, na mwaka 1842 akahitimu.

Maisha ya kambi ya jeshi hayakumzima. Akiwa bado daktari wa askari, mwaka 1847, alitoa andiko kuhusu kanuni kwamba nguvu haipotei bali hubadilika sura, kanuni inayofundishwa hadi leo katika kila darasa la fizikia. Mwaka 1848 aliruhusiwa kuondoka jeshini kabla ya muda wake kwisha, na mwaka uliofuata akawa profesa huko Königsberg, mji ambao leo uko chini ya Urusi na unaitwa Kaliningrad. Mwaka huo huo alimuoa Olga von Velten.

Huko Königsberg alipima kasi ya ujumbe unaopita katika mshipa wa fahamu wa chura, jambo ambalo wakubwa wake wa elimu walidhani haliwezekani. Alipata takriban mita 30 kwa sekunde. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1850, alipokuwa akitayarisha somo la wanafunzi, akakutana na swali la macho yanayong'aa.

Rafiki yake Ernst Brücke alikuwa amekwishaonyesha mwaka 1847 kwamba hata jicho la binadamu linaweza kung'aa. Helmholtz akajiuliza hatua ya pili: mwanga huo unaotoka ndani ya jicho unakwenda wapi? Akagundua kuwa hurudi kule kule ulikotoka, kwenye taa. Anayetaka kuuona lazima jicho lake likae kwenye njia ya taa, lakini akikaa hapo kichwa chake kinaiziba taa. Ndiyo maana mboni ya utingo wetu huwa nyeusi. Na ndiyo maana picha ya flashi hutoa macho mekundu: kamera na flashi viko karibu mno, na wekundu ule ni mwanga uliorudi kutoka ndani ya jicho lenye damu.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa kipande cha kioo kilichoinamishwa. Kioo kiliupeleka mwanga wa taa ndani ya jicho la mgonjwa, na mtazamaji akachungulia kupitia kioo hicho hicho. Alitumia lenzi za miwani, vioo vyembamba vya hadubini, karatasi ngumu na gundi. Kazi ilimchukua siku chache tu. Desemba 6, 1850 taarifa yake iliwasilishwa mbele ya chama cha wanafizikia mjini Berlin, na mwaka 1851 akachapisha kitabu kidogo kinachoeleza namna ya kukitengeneza. Hakuficha siri, mwenye kutaka angeweza kujitengenezea chake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ikumbukwe hali ilivyokuwa kabla yake. Mtu aliyepofuka huku jicho likionekana zima kwa nje alihesabiwa kuwa na ugonjwa wa giza, basi. Mgonjwa haoni kitu, na daktari naye haoni kitu. Sasa daktari aliona ukuta wa nyuma wa jicho, yaani retina, ukiwa na rangi ya machungwa yaliyoiva. Aliona duara dogo lililopauka, mahali mshipa wa fahamu unapoingia kutoka kwenye ubongo, na katikati yake mishipa ya damu ikitawanyika kama matawi ya mti. Hakuna sehemu nyingine ya mwili ambako mishipa hiyo huonekana kirahisi hivyo bila kupasua ngozi.

Daktari kijana wa Berlin, Albrecht von Graefe, alikipokea chombo hicho kwa furaha. Akikichungulia kichwa cha mshipa wa fahamu kwa wagonjwa wa glaukoma, yaani presha ya jicho, mwanzoni alidhani kimevimba. Baadaye akajisahihisha: kimechimbika kama kikombe, na mishipa ya damu hujikunja ukingoni pale inapotumbukia shimoni. Mishipa ndiyo iliyofichua ukweli. Naye Theodor Leber, aliyesoma kwa Helmholtz huko Heidelberg, alieleza mwaka 1871 ugonjwa mwingine wa mshipa wa fahamu, unaorithiwa kwa mama na kuwapofusha zaidi vijana wa kiume. Katika siku zake za mwanzo, mishipa midogo kuzunguka kichwa hicho hutanuka na kujipinda.

Helmholtz mwenyewe aliendelea na safari. Alifundisha Bonn kuanzia 1855 na Heidelberg kuanzia 1858. Olga alifariki mwaka 1859 baada ya kuugua kwa muda mrefu, akimwachia watoto wadogo. Mwaka 1861 akamuoa Anna von Mohl. Alikamilisha kitabu kikubwa kuhusu kuona mwaka 1867, na mwaka 1871 akaitwa Berlin kuwa profesa wa fizikia, somo alilolikosa ujanani kwa ufukara. Mwaka 1893 alikwenda Marekani, hadi Chicago, na katika kurudi alianguka melini na kuumia. Alifariki Septemba 8, 1894 akiwa na umri wa miaka 73.

Kazi yake haikufa naye. Mwaka 1961 vijana wawili wa Marekani, Novotny na Alvis, walitangaza njia ya kupiga picha za mishipa ya jicho baada ya kuchoma sindano ya rangi mkononi. Katika miaka ya 2010 zikaenea mashine zisizohitaji hata sindano. Mwanga unapita mahali pale pale mara nyingi. Nyama imetulia, chembe za damu zinatembea, na kompyuta inachora kila kinachotembea. Kwa mgonjwa wa glaukoma, ramani hiyo huonyesha mishipa midogo iliyopungua kuzunguka mshipa wa fahamu. Wataalamu bado wanabishana: je, damu hupungua kwanza ndipo mshipa ufe, au mshipa hufa kwanza?

Naandika haya kwa sababu ya mwalimu wangu. Tulipokuwa ukimbizini mkoani Kigoma, alitufundisha hesabu chini ya turubai. Tukaanza kuona anagonga madawati na kutowaona wanafunzi wa pembeni, ingawa kitabu alikisoma vizuri. Sisi watoto tulicheka. Wakubwa walisema ni uzee. Macho yake hayakuuma wala hayakuwa mekundu. Alipokuja kupimwa, mishipa ya fahamu ilikuwa imekwisha kufa. Alirudi nyumbani akishikwa mkono, nchi aliyoililia miaka yote asiione.

Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Glaukoma sivyo: matone, miale ya leza au upasuaji huzuia kilichobaki kisipotee, lakini kilichopotea hakirudi. Watu wenye asili ya Afrika huupata ugonjwa huu mara nyingi zaidi na mapema zaidi. Mwenye miaka 40 na kuendelea, na hasa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, asisubiri dalili.

Mashine kubwa ziko mbali na wengi wetu. Lakini kile kioo cha 1851, kikiwa na balbu ndogo tu ya kisasa, kinatosha mfukoni mwa daktari au muuguzi wa macho. Ukienda mjini kufuata mzigo, kaa kitini dakika chache uchunguliwe. Mwalimu wangu hakuchunguliwa kwa wakati.