SHEIKH KHALID BIN MUHAMMAD AL QASIMI NA SUALA LA KISIWA CHA ABU MUSA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanasimulia maisha ya Sheikh Khalid bin Muhammad Al Qasimi, mtawala wa Sharjah tangu mwaka 1965 hadi alipouawa Januari 1972. Jina lake linafahamika vyema katika nchi za Ghuba, lakini kwa wengi limefungamana na tendo moja tu, nalo ni kukubali Hati ya Maafikiano kuhusu kisiwa cha Abu Musa mwezi Novemba 1971. Wapo wanaomwona kuwa aliiachia ardhi ya Waarabu kwa Waajemi. Wapo pia wanaomwona kuwa aliokoa kile kilichoweza kuokolewa. Lengo letu ni kuyapima maoni hayo mawili kwa kuyarejesha maisha yake katika mazingira yaliyoyaumba, yaani ukoo wake, bahari yake na dola ya Kiingereza iliyoyasimamia yote mawili kwa zaidi ya karne moja na nusu.

2.0 Ukoo na bahari

Khalid alizaliwa katika ukoo wa Al Qasimi, ambao watu wake kwa pamoja huitwa Qawasim. Hawa walikuwa mabaharia na wafanyabiashara waliotawala bandari za pande zote mbili za Ghuba. Upande wa Uarabuni walikuwa na Sharjah na Ras al-Khaimah. Upande wa Uajemi tawi moja la ukoo lilishika bandari ya Lingeh. Kwao bahari haikuwa mpaka bali njia, na visiwa vilivyokuwa kati vilitumiwa kwa malisho, uvuvi na upigaji mbizi wa lulu.

Mwaka 1819 Waingereza waliishambulia Ras al-Khaimah, wakiungana na Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, yule yule ambaye baadaye alihamishia makao yake Unguja. Mkataba wa mwaka 1820 na ile iliyofuata, hasa ya 1853 na 1892, iliwaweka masheikh wa pwani hiyo chini ya ulinzi wa Uingereza. Kwa mujibu wa mkataba wa 1892, masheikh hawakuruhusiwa kuwa na uhusiano na dola nyingine wala kuitoa ardhi yao kwa yeyote isipokuwa Uingereza. Kwa hiyo, haki ya kujitetea mbele ya mataifa iliondoka mikononi mwao.

Chanzo cha mgogoro wa visiwa kimo humo humo. Mwaka 1887 serikali ya Uajemi iliwaondoa Qawasim katika utawala wa Lingeh na kukitwaa kisiwa cha Sirri. Hoja ya Waajemi ilikuwa kwamba masheikh wa Lingeh walivisimamia visiwa wakiwa maofisa wa Shah. Hoja ya Waarabu ilikuwa kwamba walivisimamia kwa haki ya ukoo wao, si kwa haki ya cheo walichopewa. Waingereza wenyewe waliichanganya hali hiyo, kwani ramani ya Wizara yao ya Vita aliyokabidhiwa Shah mwaka 1888 ilivionyesha visiwa hivyo kwa rangi ya Uajemi. Hata hivyo, mwaka 1903 waliwahimiza Qawasim wapandishe bendera yao Abu Musa na Tunb. Mwaka 1904 maofisa wa forodha wa Uajemi waliziteremsha bendera hizo na kuweka za kwao. Uingereza ikalalamika, na bendera za Uajemi zikaondolewa mwaka huo huo. Ras al-Khaimah ilipotambuliwa mwaka 1921 kuwa dola iliyojitenga na Sharjah, visiwa viwili vya Tunb vilihesabiwa kuwa vyake, na Abu Musa ikabaki kwa Sharjah.

3.0 Kushika utawala

Khalid hakuupata utawala kwa urithi wa kawaida. Aliyemtangulia, Sheikh Saqr bin Sultan, alikuwa binamu yake, kwani baba zao walikuwa ndugu. Saqr alivutiwa na siasa za umoja wa Waarabu zilizoongozwa na Gamal Abdel Nasser, na aliikaribisha Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilipotaka kufadhili maendeleo ya pwani hiyo. Waingereza waliuona mwelekeo huo kuwa hatari kwa nafasi yao. Mwezi Juni 1965 Saqr aliondolewa, na Khalid akawekwa mahali pake. Mabadiliko hayo yalitangazwa kuwa ni uamuzi wa ukoo, lakini mkono wa Waingereza haukufichika. Tangu siku ile Khalid alibeba mizigo miwili: kuonekana kuwa mtawala aliyewekwa na wageni, na kuwa na binamu aliyefukuzwa ambaye hakukubali kwamba ameng'olewa.

Kadhalika, ulinzi uliomweka madarakani haukudumu. Mwezi Januari 1968 serikali ya Harold Wilson ilitangaza kwamba majeshi ya Uingereza yangeondoka katika Ghuba ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Iran ya Mohammad Reza Shah ilijiandaa kuijaza nafasi hiyo. Mwaka 1970 Shah aliyaacha madai yake ya zamani juu ya Bahrain, baada ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa kuthibitisha kwamba watu wake walitaka uhuru. Lakini kuhusu visiwa vitatu vilivyo karibu na mlango wa Hormuz hakuwa tayari kulegeza msimamo. Alieleza wazi kwamba angevitwaa kwa nguvu ikibidi, na kwamba hangelitambua shirikisho la masheikh mpaka suala hilo limalizike.

4.0 Hati ya Maafikiano

Abu Musa ni kisiwa kidogo, kisichozidi kilomita za mraba 13, na wakati huo kilikuwa na wakazi mia chache. Thamani yake iliongezeka kwa sababu ya mafuta. Mwaka 1969 Khalid aliipa kampuni ya Buttes Gas and Oil haki ya kutafuta mafuta katika maji ya kisiwa hicho. Jirani yake, Umm al-Quwain, naye aliipa kampuni ya Occidental eneo lililogusana na lile. Mzozo uliozuka baina ya kampuni hizo mbili ulifika hadi mahakama za Marekani na Uingereza. Kwa hiyo, kabla ya meli za kivita za Iran kufika, mtawala wa Sharjah alikwisha kuzungukwa na wadai.

Mjumbe maalumu wa Uingereza, Sir William Luce, alikwenda na kurudi baina ya Tehran na miji ya pwani katika miaka ya 1970 na 1971. Uingereza, ambayo kwa miongo mingi ilizitetea haki za Qawasim, sasa haikuwa tayari kuzipigania kwa silaha. Khalid alitafuta ushauri wa wanasheria wa kimataifa ili kuithibitisha haki yake, lakini hakuwa na jeshi la kuilinda.

Tarehe 29 Novemba 1971 alitangaza kwamba maafikiano yamepatikana. Sharti la kwanza ndilo lililobeba uzito wa yote: hakuna upande ulioacha madai yake wala kuyakubali ya mwenzake. Majeshi ya Iran yangekaa katika sehemu ya kisiwa iliyochorwa kwenye ramani, na humo bendera ya Iran ingepepea. Sehemu iliyobaki ingekuwa chini ya Sharjah, pamoja na bendera na kituo chake cha polisi. Mapato ya mafuta yangegawanywa nusu kwa nusu, na wavuvi wa pande zote mbili wangekuwa na haki sawa. Aidha, Iran ingeisaidia Sharjah pauni milioni 1.5 kila mwaka kwa miaka tisa, mpaka mapato yake ya mafuta yafikie pauni milioni 3 kwa mwaka.

Tarehe 30 Novemba, siku moja kabla ya mikataba ya ulinzi kukoma, majeshi ya Iran yalitua. Abu Musa yalipokewa na nduguye Khalid bila mapambano. Tunb Kubwa, ambayo mtawala wa Ras al-Khaimah alikataa kufanya maafikiano juu yake, ilitwaliwa kwa nguvu, na watu waliuawa katika mapambano hayo. Tarehe 2 Desemba Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangazwa, Sharjah ikiwa mmojawapo wa wanachama wake.

5.0 Mauaji

Hasira zilienea upesi. Iraq ilivunja uhusiano na Iran na Uingereza. Libya ilitaifisha mali ya kampuni ya British Petroleum. Malalamiko yalipelekwa kwenye Baraza la Usalama, ambalo liliahirisha suala hilo. Hakuna dola yoyote ya Kiarabu iliyotuma askari visiwani. Lawama zikamwangukia yule aliyefanya maafikiano.

Tarehe 24 Januari 1972 Saqr bin Sultan, akiwa na watu wenye silaha, alilivamia na kuliteka kasri la Sharjah. Vikosi vya Umoja vililizingira, na baada ya saa kadhaa wavamizi walisalimu amri. Lakini Khalid alikuwa amekwisha uawa. Itakuwa kosa kudai kwamba aliuawa kwa ajili ya Abu Musa pekee, kwani kisasi cha mwaka 1965 kilikuwa bado hai. Hata hivyo, Hati ya Maafikiano ilikipa kisasi hicho sura ya uzalendo. Ndugu yake mdogo, Sultan bin Muhammad, alichaguliwa kumrithi.

6.0 Hitimisho

Kipimo cha haki cha uamuzi wa Khalid ni kuulinganisha na ule wa Ras al-Khaimah. Mtawala aliyekataa alivipoteza visiwa vyote viwili bila kubakiwa na kitu, ila heshima ya kukataa. Mtawala aliyekubali alibakiwa na nusu ya kisiwa, bendera, na mapato ya mafuta yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1974. Kwa upande mwingine, kukubali kwake kuliyapa majeshi ya Iran kibali ambacho kule Tunb hayakukipata. Wanaoitetea Sharjah hujibu kwamba ridhaa iliyotolewa chini ya tishio la silaha si ridhaa kamili, na kwamba hati yenyewe haikuhamisha umiliki. Jibu hilo lina nguvu, lakini karatasi haijilindi yenyewe. Mwaka 1992 Iran iliwazuia abiria waliokuwa wakienda Abu Musa, wakiwamo walimu, na tangu hapo mgawanyo wa 1971 umebaki na nguvu ndogo. Umoja wa Falme za Kiarabu unaendelea kudai mazungumzo au hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Iran inashikilia kwamba visiwa ni vyake.

Inafaa kukumbuka kwamba yule ndugu aliyemrithi Khalid alikuja kuwa mwanahistoria, na miongoni mwa aliyoyatafiti ni kugawanywa kwa dola ya Oman, tendo lililoitenga Zanzibar na Maskati mwaka 1861 kwa uamuzi wa mwakilishi wa Uingereza. Visa hivi viwili vinafanana kwa jambo moja: mipaka ya bahari ya Waarabu ilichorwa na dola ambayo hatimaye iliondoka, na waliobaki ndio waliolipa gharama. Waswahili husema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Haki ya Khalid si kusifiwa kuwa shujaa. Ni kuhukumiwa kwa njia zilizokuwa wazi mbele yake mwezi ule wa Novemba, nazo zilikuwa mbili tu: kupoteza nusu, au kupoteza yote.